Waliolala Mbali na Nyumbani

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Samweli 21:1-14; Isaya 49:14-16; Mhubiri 9:5, 6; Yohana 11:11-14; Warumi 5:6-8; Mathayo 5:43-48; 1 Wakorintho 15:51-55.

Fungu la Kukariri: Yohana 5:28, 29. Likariri kutoka katika Biblia yako, na ukumbuke kwamba aliyeitoa ahadi hiyo ndiye atakayekuja kuitimiza.

Kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi jijini Dar es Salaam, magari yanapita mchana kutwa mbele ya uwanja tulivu wenye nyasi zilizokatwa vizuri na mawe yaliyopangwa kwa safu. Ni makaburi ya askari waliokufa katika vita, wengi wao katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ya mwaka 1914 hadi 1918. Wengine walizikwa kwanza mahali pengine. Mwaka 1968 makaburi zaidi ya 600 yalihamishwa kutoka makaburi ya Ocean Road ili kupisha ujenzi wa barabara mpya, na mifupa ikaletwa hapa kupumzishwa kwa mara ya pili.

Makaburi ya namna hii yapo Taveta, Voi, Nairobi, Moshi, Iringa na kwingineko. Katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, yako makaburi ya Kaboya, walikozikwa askari wa Tanzania waliokufa katika vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979. Kila mwaka tarehe 25 Julai, Watanzania huwakumbuka mashujaa wao.

Mtu anayetembea katikati ya mawe hayo hukutana na maswali ambayo hayajibiwi na jiwe. Wako wapi hawa sasa? Nani anawakumbuka wale ambao hawana hata jiwe? Je, kufia nchi ni kufa kwa ajili ya Mungu? Na je, mwisho wa haya yote ni nini? Juma hili Biblia itayajibu maswali hayo moja baada ya jingine.

*Jifunze somo la juma hili ukijiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Mama Aliyelinda Mifupa

Soma 2 Samweli 21:1-14. Rispa alifanya nini, na tendo lake lilimsukuma mfalme kufanya nini?

Habari hii ni ngumu kusoma. Sauli alikuwa amewaua Wagibeoni, na damu ile ikaleta njaa ya miaka mitatu juu ya nchi. Wanaume saba wa nyumba ya Sauli waliuawa kwa sababu hiyo, wawili kati yao wakiwa wana wa Rispa. Miili yao iliachwa nje bila kuzikwa. Rispa hakuwa na jeshi wala cheo wala mtetezi. Alichokuwa nacho ni nguo ya gunia. Akaitandika juu ya mwamba, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama wa mwitu usiku.

Habari zikamfikia Daudi. Ndipo mfalme akakumbuka deni lake mwenyewe: mifupa ya Sauli na Yonathani ilikuwa bado Yabesh-Gileadi, mbali na kwao. Akaichukua, akaikusanya pamoja na mifupa ya wale saba, ikazikwa katika kaburi la Kishi, baba yake Sauli. Baada ya hayo, Biblia inasema, Mungu aliyasikia maombi kwa ajili ya nchi.

Angalia Daudi anamzika nani kwa heshima. Sauli alimwinda kwa miaka mingi kama mtu anavyomwinda mnyama porini. Daudi hakuwa na sababu ya kuusifu utawala wake, na Biblia yenyewe haifichi makosa yake. Hata hivyo mfalme alimpa aliyekuwa adui yake heshima anayostahili mwanadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Watu wa Yabesh-Gileadi walikuwa wamefanya vivyo hivyo kabla yake. Walitembea usiku kucha kuushusha mwili wa Sauli kutoka ukutani mwa Wafilisti (1 Samweli 31:11-13), kwa sababu hawakusahau kwamba siku moja aliwaokoa (1 Samweli 11).

Kuheshimu kaburi la askari, basi, si kuibariki vita iliyomuua. Katika makaburi mengi ya Vita Kuu ya Kwanza, kanuni iliyowekwa ilikuwa kwamba mawe yawe ya namna moja, bila kujali cheo wala utajiri. Pale jenerali na kuruta wanapata jiwe la kimo kilekile. Kanuni hiyo ilikuwa nzuri, ingawa kama somo la kesho litakavyoonyesha, haikumfikia kila mtu.

Je, kuna mtu katika ukoo wako au kanisa lako ambaye alikufa mkiwa na ugomvi naye? Mfano wa Daudi unakufundisha nini kuhusu namna ya kulitaja jina lake leo?

JUMATATU

Wasio na Jiwe

Soma Isaya 49:14-16. Luka 12:6, 7 na Mwanzo 4:10. Mafungu haya yanasema nini juu ya watu ambao wanadamu wamewasahau?

Kila anayekwenda sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, au Kariokor, Nairobi, analitaja jina la jeshi ambalo wengi hawalijui tena. Majina hayo yalitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita ya 1914 hadi 1918. Vita ile ilipiganwa katika nchi isiyo na barabara za kutosha, na mbung'o waliua farasi, ng'ombe na nyumbu. Kwa hiyo risasi, unga, dawa na mahema vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Wengi walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini mwao. Wapagazi waliokufa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Wengi walifukiwa kando ya njia, na msafara ukaendelea.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hasa kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au huenda hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi ya Kiingereza na Kiswahili yanayoahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, jina lake litakumbukwa na wanawe. Lakini juu ya sanamu yenyewe hakuna jina hata moja la waliokufa.

Ahadi za wanadamu hufika hapo. Ahadi ya Mungu haiishii hapo. Katika Isaya 49, Sayuni analalamika kwamba amesahauliwa, na Mungu anamjibu kwa mfano wa mama na mtoto anyonyaye. Hata kama mama angeweza kusahau, Yeye hasahau, kwa maana amemchora katika viganja vya mikono yake. Shomoro watano waliuzwa kwa bei ya chini kabisa sokoni, na hakuna hata mmoja aliyesahauliwa mbele za Mungu. Habili hakuwa na jiwe wala sanamu, lakini damu yake ilisikiwa mbinguni tangu ardhini.

Kwenye makaburi ya vita, jiwe la askari asiyetambulika huwa na maneno mafupi yanayosema kwamba Mungu anamjua. Ni kweli. Na ni kweli vilevile juu ya yule mpagazi ambaye hakuwekewa hata jiwe hilo.

Hata hivyo kumbukumbu ya Mungu haimwondolei mwanadamu wajibu wake. Yeye anayemjua kila mmoja kwa jina anawaita watu wake wamjue aliye karibu nao kwa jina: mlinzi wa usiku, mchukuzi wa mizigo, msichana wa kazi za ndani.

Ni nani anayekuhudumia kila siku ambaye hujui jina lake? Utafanya nini juma hili kurekebisha hilo?

JUMANNE

Wafu Hawajui Neno Lolote

Soma Mhubiri 9:5, 6. Zaburi 146:3, 4. Ayubu 14:10-15 na Yohana 11:11-14. Biblia inafananisha kifo na nini, na kwa nini mfano huo ni wa muhimu?

Katika sherehe za kuwakumbuka mashujaa, shada za maua huwekwa mnarani pamoja na silaha za jadi: mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka. Viongozi wa dini huomba. Wapo wanaozungumza na waliolala kana kwamba wanasikia, wapo wanaomwaga kinywaji chini, na wapo wanaowaombea wafu wapewe raha. Mwadventista anayesimama katika mkusanyiko huo anahitaji kujua anachoamini.

Sulemani anasema wazi kwamba wafu hawajui neno lolote. Upendo wao, chuki yao na wivu wao vimepotea pamoja nao. Mtunga Zaburi anasema mawazo ya mtu hupotea siku ileile anaporudi udongoni. Ayubu anamwona mfu kama aliyelala, asiyeamka kwa kelele za mji, akisubiri kuitwa na Muumba wake. Na Yesu mwenyewe alikiita kifo cha Lazaro usingizi. Walipomwelewa vibaya ndipo akasema waziwazi kwamba Lazaro amekufa.

Fundisho hili lina uzito wa pekee penye makaburi ya vita. Katika jamii nyingi za Afrika watu waliogopa, na wengine bado wanaogopa, kwamba mtu aliyekufa porini bila kuzikwa na ndugu zake huwa mzimu unaotangatanga na kuwasumbua walio hai. Ugonjwa ukiingia nyumbani, lawama humwangukia babu ambaye hakurudi kutoka vitani. Mganga huitwa, mbuzi huchinjwa, fedha zinakwisha, na hofu inabaki palepale. Biblia inaifungua minyororo hiyo. Babu yule hatangitangi. Hana baridi, hana kiu, hana hasira na mjukuu wake. Amelala. Aliyefumba macho mwaka 1916 kwenye njia ya Taveta hatahesabu miaka. Kitu cha kwanza atakachokijua ni sauti ya Mwana wa Mungu.

Hivyo mwamini anaweza kuweka ua kaburini, akasimama kimya, akamshukuru Mungu kwa maisha ya mtu na kuwaombea walio hai. Hawezi kumwomba mfu msaada, wala kumwombea, wala kumwogopa. Mahali ambapo sherehe inavuka mpaka huo, anaweza kurudi nyuma hatua moja kwa adabu, bila kumdharau anayelia.

Jirani yako anaamini kwamba misiba ya nyumba yake inaletwa na ndugu aliyekufa vitani asizikwe. Ungemwambia nini kwa upole, na ungefungua fungu gani kwanza?

JUMATANO

Je, Kufia Nchi Kunaokoa?

Soma Yohana 15:12-14. Warumi 5:6-8 na Waefeso 2:8, 9. Kifo cha Kristo kinatofautianaje na kifo cha askari shujaa?

Maneno ya Yesu katika Yohana 15:13, juu ya mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, yamechongwa katika minara mingi ya vita duniani. Katika makaburi makubwa ya Vita Kuu ya Kwanza husimama pia msalaba mrefu wa mawe wenye upanga wa shaba juu yake. Msalaba na upanga vimewekwa mahali pamoja, na anayepita anaweza kuondoka akidhani kwamba ni kitu kimoja.

Haifai kumdharau askari aliyekufa akimkinga mwenzake. Upendo wa namna hiyo una mwangwi wa mbinguni ndani yake. Lakini Paulo anaonyesha tofauti. Mtu huenda akathubutu kufa kwa ajili ya mtu mwema. Kristo alikufa kwa ajili ya wenye dhambi, tena walipokuwa bado adui zake. Askari hufa akipigana na adui ili kuwaokoa wa upande wake. Mwokozi aliutoa uhai wake ili adui awe ndugu. Damu ya askari haiwezi kuondoa dhambi ya mtu mwingine, wala dhambi yake mwenyewe. Wokovu ni kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, hata tendo la kufa.

Hapa kuna mitego miwili kwenye mazishi. Wa kwanza ni kumpeleka marehemu mbinguni kwa sababu tu jeneza lake limefunikwa bendera. Wa pili ni kumpeleka motoni kwa sababu alibeba bunduki, au kwa sababu hakuonekana kanisani. Yote mawili ni kukalia kiti kisicho chetu. Mnyang'anyi pale msalabani aliomba dakika za mwisho, na kama Luka asingeandika, hakuna ambaye angejua (Luka 23:39-43). Ni nani ajuaye kijana alisema nini na Mungu usiku ule handakini? Hakimu wa dunia yote atatenda haki (Mwanzo 18:25).

Wajibu wa anayehubiri kwenye mazishi ya askari ni kuwafariji walio hai na kuwaelekeza kwa Kristo aliye Ufufuo. Mjane aliyekaa mstari wa mbele hahitaji hukumu juu ya mumewe. Anahitaji tumaini ambalo kesho asubuhi, wageni wakishaondoka, bado litakuwa kweli.

Umewahi kusikia mahubiri ya mazishi yaliyosema zaidi ya yale Biblia inayosema? Yaliwaachia nini waliofiwa?

ALHAMISI

Raia wa Falme Mbili

Soma Mathayo 5:43-48. Mathayo 26:51, 52. Isaya 2:4 na Yakobo 1:27. Mafungu haya yanamwelekezaje mfuasi wa Kristo wakati taifa lake liko vitani?

Mwaka 1903 wamishonari Waadventista kutoka Ujerumani walianza kazi katika milima ya Upare. Mwaka 1906 wengine, waliotumwa kutoka Uingereza, wakaanza kazi Gendia, karibu na Kendu Bay, kando ya Ziwa Viktoria. Miaka minane baadaye Ujerumani na Uingereza zilikuwa vitani, na mpaka kati ya makoloni yao ukawa uwanja wa mapigano. Mwaka 1916 majeshi yaliteremka kutoka Taveta yakiifuata reli iliyopita chini ya milima ileile ya Upare. Pande zote mbili za mpaka kulikuwa na watu walioitunza Sabato ileile na kumngoja Bwana yuleyule. Kwao, amri ya kumpenda adui ilikuwa na sura na anwani.

Kanisa la Waadventista Wasabato, tangu siku zake za mwanzo, limewashauri waumini wake wasishike silaha, huku likimwachia kila mmoja aamue kwa dhamiri yake mbele za Mungu. Mfano unaojulikana zaidi ni Desmond Doss, Mmarekani aliyeingia jeshini katika Vita Kuu ya Pili akiwa mhudumu wa majeruhi, akakataa kubeba bunduki. Wenzake walimdhihaki. Mwezi Mei 1945, katika kisiwa cha Okinawa, askari wenzake waliporudishwa nyuma, yeye alibaki juu ya mwamba chini ya risasi, akawateremsha majeruhi kwa kamba mmoja mmoja. Inakadiriwa kwamba aliwaokoa watu 75. Alipewa Nishani ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani. Alifariki mwaka 2006, akazikwa katika makaburi ya kitaifa ya askari huko Chattanooga, jimbo la Tennessee. Anayetembelea kaburi lake anaona kwamba uaminifu kwa Mungu na upendo kwa watu wa nchi yake havikumfanya aue mtu.

Lakini makanisani wapo pia wazazi ambao wana wao wako kambini leo. Desemba 2017 walinda amani 14 wa Tanzania waliuawa kwa siku moja huko Semuliki, mashariki mwa Kongo. Msiba kama huo ukiingia kanisani, familia haihitaji kwanza mjadala juu ya kushika silaha. Yakobo anasema dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Mjadala una wakati wake, na sufuria ya uji ina wakati wake.

Katika kanisa lako, nani amefiwa na askari? Mara ya mwisho kumtembelea ilikuwa lini?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma 1 Wakorintho 15:51-55 na Ufunuo 21:1-5. Soma pia sura ya 40 ya kitabu cha Ellen G. White, *Pambano Kuu*, inayohusu kukombolewa kwa watu wa Mungu.

Wanajeshi waliozikwa Dar es Salaam, Taveta na Kaboya walizoea kuamshwa kwa tarumbeta. Paulo anasema iko parapanda moja bado. Siku ile itakapolia, haitauliza ni nani aliyekuwa na jiwe na nani hakuwa nalo. Waliohamishwa kupisha barabara watapatikana. Waliofukiwa njiani chini ya mzigo watapatikana. Waliolala katika Kristo watatoka, na mmoja aliyekuwa upande huu wa mstari wa vita atamwona ndugu yake wa upande ule. Adui wa mwisho, ambaye hakuna jeshi lililowahi kumshinda, atabatilishwa. Hapo hapatakuwa tena na haja ya makaburi ya namna hii.

Kikundi chenu kikiweza, tembeleeni makaburi ya askari yaliyo karibu, labda Sabato mchana. Ingieni kwa utulivu. Kila mmoja achague jiwe moja, asome jina, umri na tarehe, kisha aseme kwa wenzake alichoona. Someni pamoja Yohana 5:28, 29, mkiwa mmesimama katikati ya hao ambao ahadi inawahusu. Kama eneo lenu halina makaburi hayo, mtembeleeni mzee anayekumbuka ndugu aliyekwenda vitani asirudi. Mwulizeni jina lake, mliandike, na mwombe pamoja na familia.

Maswali ya Kujadili:

1. Rispa alikaa juu ya mwamba miezi kadhaa, na hatimaye mfalme akasikia. Ni dhuluma gani ya zamani katika jamii yenu inahitaji mtu wa kukaa kimya na kwa uvumilivu namna hiyo mpaka wenye mamlaka wasikie?

2. Mwumini mmoja anasema hatakwenda kwenye maadhimisho ya mashujaa kwa sababu kuna mambo ya kuabudu wafu. Mwingine anasema kutokwenda ni kuwadharau wafiwa. Kila mmoja ana hoja gani? Mpaka uwekwe wapi?

3. Kijana wa kanisa anataka kuomba kazi jeshini kwa sababu hana ajira. Jadilini namna ya kumsaidia kufikiri juu ya silaha, Sabato na dhamiri yake, bila kumfukuza na bila kumdanganya.

4. Kwa nini fundisho la Biblia kwamba wafu wamelala ni habari njema kwa familia ambayo haijui mpendwa wao alizikwa wapi? Jibuni kwa maneno ambayo mtu asiye Mwadventista angeyaelewa.